Nani Anasema Kidole Tumbo Hakina Kazi?

Juni 1902 jiji la London lilikuwa limepambwa. Mfalme Edward wa Saba alikuwa avikwe taji tarehe 26, na wageni kutoka kila pembe ya himaya yake walikwisha kuwasili. Siku mbili kabla ya sherehe alilazwa juu ya meza ya upasuaji ndani ya kasri la Buckingham, na daktari Frederick Treves akampasua tumbo upande wa kulia, akatoa usaha uliokuwa umejikusanya kando ya kidole tumbo. Kidole tumbo chenyewe alikiacha mahali pake. Mfalme akapona, na taji likangoja mpaka tarehe 9 Agosti.

Kiungo kilichoahirisha sherehe ile ni kijibomba chembamba kilichoziba upande mmoja, kwa watu wengi kina urefu wa sentimita nane hadi kumi, nacho kimejishikiza pale utumbo mpana unapoanzia, chini upande wa kulia. Hakimeng'enyi chakula. Akikosa kidole tumbo, mtu anakula na kwenda haja kama kawaida. Ndiyo maana kwa zaidi ya miaka mia moja vitabu vya shule vimekitaja kwa sentensi moja tu: hakina kazi. Sentensi hiyo sasa ina wapinzani wengi, na mabishano yao yanamhusu kila mwenye tumbo.

Wanne wanaojibizana hapa ni sauti zilizotungwa kwa ajili ya mjadala huu: daktari mpasuaji wa hospitali ya wilaya, mwalimu mstaafu wa baiolojia, mtafiti kijana wa bakteria wa tumboni, na mama ambaye mwanawe wa kiume ametoka kupasuliwa juzi. Tafiti na historia wanazozitaja si za kutungwa.

Mama ndiye anayeanza.

"Daktari, mwanangu amekatwa kiungo. Shangazi zake wanasema ni mbegu za mapera alizozimeza. Mjomba wake anasema kile kilikuwa kinyama kisicho na faida, tushukuru kimeondoka. Mimi nashukuru mtoto yuko hai. Ila nataka kujua, amepungukiwa na nini?"

Daktari anaanza na mbegu. "Mbegu za mapera, Mama, hutoka na choo. Ni mara chache sana tunazikuta humo. Kinachoziba mara nyingi ni kijiwe cha choo kilichokauka, au tishu za kinga zilizomo ndani yake, ambazo huvimba mwili unapopambana na maambukizi. Wakati mwingine ni minyoo, na kwenye maeneo ya kichocho hukutwa hata mayai ya kichocho. Njia ikishaziba, ute hauna pa kutokea. Shinikizo linapanda, damu haipiti vizuri, bakteria wanashambulia ukuta, na usipowahi kinatoboka, usaha unamwagika tumboni."

"Usiwanyang'anye mashangazi haki yao yote, Daktari," anasema Mwalimu. "Mwaka 1735, katika hospitali ya St George's kule London, Claudius Amyand alimpasua mvulana wa miaka kumi na mmoja mwenye ngiri. Ndani ya ngiri akakuta kidole tumbo kimetobolewa na pini ambayo mtoto aliimeza. Akakikata. Dawa ya usingizi haikuwapo, na mtoto akapona. Huo ndio upasuaji wa kwanza unaojulikana wa kuondoa kidole tumbo. Kwa hiyo kitu kilichomezwa kinaweza kuleta balaa, ingawa ni nadra."

Amyand alifungua mlango ambao wenzake hawakuupita kwa karne moja na nusu. Watu waliendelea kufa kwa maumivu ya tumbo la kulia, na lawama zikaangukia utumbo mpana, mpaka Reginald Fitz wa Boston alipoonyesha mwaka 1886 kwamba chanzo ni kidole tumbo, akataka kikatwe mapema. Miaka mitatu baadaye Charles McBurney wa New York akaeleza mahali hasa pa kubonyeza: kwenye mstari kutoka kitovuni hadi mfupa wa nyonga ya kulia, karibu zaidi na nyonga. Madaktari wanabonyeza hapohapo hadi leo. Yeyote atakayekitetea kidole tumbo katika kurasa hizi na aanze kwa kukubali kwamba upasuaji huo umeokoa maisha ya watu wengi mno, akiwemo mtoto wa mama huyu.

Kuishi bila kitu, hata hivyo, hakuthibitishi kwamba kitu hicho hakikuwa na kazi. Watu wanaishi na figo moja.

"Mimi nilifundisha kwamba ni masalia," Mwalimu anasema, "na sikulitoa hewani. Charles Darwin aliandika hivyo mwaka 1871 katika kitabu chake kuhusu asili ya binadamu. Mnyama anayekula majani anahitaji mfuko mkubwa mwanzoni mwa utumbo mpana, ambamo bakteria huyachachusha. Koala ana mfuko wa namna hiyo unaofika mita mbili. Mababu wetu walipobadili chakula, mfuko ukanywea, na ncha yake ikabaki kama kidole. Kisa kinaeleweka, na wanafunzi hawakisahau."

Mtafiti anatabasamu kwa adabu. "Kinaeleweka, Mwalimu, lakini Darwin hakuwa na wanyama wengi wa kulinganisha. Heather Smith wa Chuo Kikuu cha Midwestern, Arizona, pamoja na wenzake, wamepitia spishi 533 za mamalia, matokeo yakachapishwa mwaka 2017. Kama kidole tumbo ni mfuko ulionywea, tungekikuta kwa wanyama wenye mfuko mdogo tu. Lakini sungura ana mfuko mkubwa na kidole tumbo kikubwa pia. Isitoshe, hakikuzuka mara moja tu. Kwa hesabu yao kimezuka upya mara 29 hadi 41 katika koo mbalimbali za mamalia, na kupotea mara zisizozidi 12. Jambo lisilo na faida halijirudii hivyo."

"Subiri, binti yangu. Kubaki kwake si lazima kuwe na maana ya faida. Randolph Nesse na George Williams walilijibu hilo mwaka 1994. Walisema pengine kidole tumbo kimenaswa. Kikiwa chembamba zaidi kitaziba kwa urahisi zaidi, mwenye nacho atakufa kijana, na hatazaa. Kwa hiyo kila kinapoelekea kupungua, kifo kinakirudisha. Kinabaki kwa sababu njia ya kutoweka ni ya hatari, si kwa sababu kinatusaidia."

Hoja hii haipewi nafasi ya kutosha katika makala za afya zinazoshangilia kwamba kidole tumbo kimesafishwa jina. Ni hoja nzito, na mtu mkweli hairuki. Mtafiti pia hairuki.

"Inaweza kueleza kwa nini sisi tumeshindwa kukipoteza," anajibu baada ya kimya kifupi. "Haielezi kwa nini kilianza upya kwa wanyama ambao hawakuwa nacho. Mtego unamshika aliyekwisha kuingia. Na wale 533 walionyesha jambo jingine: wanyama wenye kidole tumbo wana tishu nyingi zaidi za kinga katika sehemu hiyo ya utumbo. Hapo ndipo pa kutafuta kazi yake."

Mama anauliza tishu za kinga zinafanya nini kwenye utumbo uliojaa uchafu.

"Zinawatambua wakazi," Mtafiti anamwambia. "Ndani ya utumbo mpana, Mama, kuna bakteria wengi kuliko tunavyoweza kuhesabu, na wengi wao ni wa manufaa. Wanavunja nyuzinyuzi za mboga na nafaka ambazo sisi hatuwezi kuzimeng'enya, na kutokana nazo wanatengeneza asidi zinazolisha ukuta wa utumbo. Wanatengeneza vitamini K. Wanashika nafasi, ili wale wabaya wakifika wakose pa kukaa. Mwili lazima uwajue, uwadhibiti bila kuwaua. Kwa sungura, kidole tumbo ni mojawapo ya shule za mwanzo ambamo chembe za kinga hujifunza kutengeneza kingamwili za aina nyingi, na bila bakteria somo hilo halikamiliki. Mwaka 2014 watafiti wa Osaka, Japani, walionyesha kwamba tishu za aina hiyo kwa panya hupeleka kwenye utumbo mpana chembe zinazotoa kingamwili za kulinda ute."

"Sungura na panya," Daktari anasema.

"Nakuja kwa binadamu, Daktari. Mwaka 2007 kundi la Chuo Kikuu cha Duke, Randal Bollinger na William Parker wakiwamo, lilitazama utumbo mpana wa binadamu kwa hadubini. Bakteria wema hawaelei ovyo. Wanashikamana katika utando juu ya ute. Utando huo ni mzito zaidi ndani ya kidole tumbo, na hupungua kadiri unavyosogea kuelekea mwisho wa utumbo. Sasa fikiria mahali kilipo. Kiko kando ya njia, mlango wake mwembamba, nyuma kimeziba. Kuhara kukali kunapofagia utumbo mzima, mkondo unapita pembeni yake. Waliomo ndani wanasalia, na mafuriko yakiisha wanatoka kwenda kuujaza utumbo upya."

Mama analielewa hilo kabla ya wote. "Ni kama mbegu za mahindi tunazoning'iniza juu ya meko, moshi uzilinde. Shamba likiharibika, mbegu ipo."

"Ndivyo kundi la Duke lilivyodhani."

"Lilivyodhani," Daktari anarudia, na safari hii anavuta kiti. "Mahali kilipo na utando uliomo vinapendeza kwa hadithi. Mimi nataka wagonjwa. Kama kidole tumbo kinarudisha bakteria wema, waliokatwa waumwe zaidi baada ya utumbo kuvurugika."

Jaribio la namna hiyo lipo, ingawa halikupangwa na mtu. Kuna bakteria aitwaye *Clostridioides difficile* ambaye hushika utumbo baada ya antibiotiki kuwaua wenyeji, akaleta kuhara kunakorudi tena na tena, hasa kwa wazee waliolazwa. Mwaka 2011 madaktari wa New York walichapisha rekodi za wagonjwa zaidi ya 250 wa aina hiyo. Wale ambao bado walikuwa na kidole tumbo, ugonjwa uliwarudia mara chache kuliko waliokatwa. Habari ikasambaa duniani. Kisha hospitali nyingine zikapitia rekodi zao, na baadhi hazikuona tofauti yoyote.

"Kwa hiyo?" Mama anauliza.

"Kwa hiyo halijathibitishwa," Daktari anasema.

"Wala halijakanushwa," Mtafiti anajibu. "Tazama jamaa zetu. Maxime Collard na Michel Laurin, Wafaransa, walichapisha mwaka 2021 ulinganisho wa spishi 258 za mamalia: zile zenye kidole tumbo zina ukomo mrefu zaidi wa maisha zikilinganishwa na nyingine zenye uzito uleule. Miaka miwili baadaye wakafungua majalada ya daktari wa wanyama katika bustani moja ya Ufaransa inayofuga kima, nyani, sokwe na jamaa zao, spishi 45. Waliokuwa na kidole tumbo walipata kuhara kukali kwa nadra zaidi, hasa katika sehemu ya mwanzo ya maisha yao."

Sehemu ya mwanzo ya maisha. Hilo linastahili kusomwa mara mbili na yeyote anayejua kuhara kunavyoua watoto wa chini ya miaka mitano katika nchi zetu. Umri huo ndio ambao mtoto hana akiba, na uteuzi wa asili haungoji uzee.

Daktari hajamaliza. "Mbona hutaji Sweden? Mwaka 2001 ilichapishwa hesabu ya watu 212,963 waliokatwa kidole tumbo. Waliokatwa kabla ya miaka ishirini kwa sababu kilikuwa kimewaka kweli walipata kwa uchache ugonjwa ule wa vidonda vya utumbo mpana unaodumu maisha. Kuondolewa kumewalinda! Na hukohuko Sweden wengine wamehusisha kukatwa huko na kupungua kwa ugonjwa wa Parkinson, kisha rekodi za Marekani zikaonyesha kinyume. Kila mwenye kompyuta na majalada ya hospitali analeta uhusiano wake."

"Kuhusu Parkinson sibishi. Kuhusu vidonda vya utumbo, nadhani unanisaidia, Daktari. Kiungo kisicho na kazi hakiwezi kubadili ugonjwa wa kinga ulio katika utumbo mpana wote. Tishu zinazofundisha kinga zinaweza kuifundisha vibaya."

Hapo mpasuaji anakubali kwa kichwa. Ni kweli kwamba swali la kama kiungo kina kazi, na swali la kama kazi hiyo inatufaa siku zote, ni mawili.

Mwalimu ndiye anayeuleta mjadala nyumbani, na anauleta kupitia hospitali ya Mulago, Kampala. Denis Burkitt, mpasuaji mzaliwa wa Ireland, alifanya kazi Uganda kuanzia miaka ya 1940 hadi ya 1960, na jina lake limebaki kwenye saratani ya taya za watoto aliyoieleza mwaka 1958. Katika wodi za Kampala aliliona jambo jingine pia. Ugonjwa wa kidole tumbo, uliokuwa jambo la kila siku katika hospitali za Uingereza, ulikuwa nadra kwa wanavijiji wa Uganda. Mwaka 1971 akaandika kwamba tofauti ni chakula: mtama, ulezi, maharage na mboga hutoa choo kingi na laini, kinachopita upesi, ilhali mkate mweupe na sukari hutoa choo kidogo na kigumu, kinachoziba.

"Nilikuwa sijui kwamba la nyuzinyuzi lilitoka kwetu," Mama anasema.

"Sehemu kubwa ya hoja ilitoka kwetu, na kwa Alec Walker wa Afrika Kusini," Mwalimu anajibu. "Lakini Burkitt alipata mpinzani, naye alipita Kampala vilevile. David Barker alifanya utafiti wa vidonda vya Buruli akiwa Makerere, akaondoka enzi za Idi Amin. Mwaka 1985 aliandika kwamba takwimu za Uingereza haziendani na nyuzinyuzi. Ugonjwa ulipanda kuanzia mwisho wa karne ya 19, wakati mabomba ya maji na vyoo vya kisasa vilipoingia majumbani. Mtoto aliyekulia katika usafi hakutani na vijidudu mapema. Akikutana navyo baadaye, tishu za kidole tumbo zinashtuka, zinavimba, njia inaziba."

Mtafiti amesogea mbele ya kiti. "Unaona hapo, Daktari? William Parker yuleyule wa Duke anasema jambo la namna hiyo. Ghala la bakteria lina kazi pale kipindupindu na kuhara vinapopita mara kwa mara. Ukiweka maji safi, ghala linakosa kazi, na askari waliomo, waliozoea maadui, wanaanza kuwashwa na vitu visivyo na madhara. Kiungo kinaonekana hakina maana, tena kinaua, katika jamii zilezile zilizoandika vitabu vya kukiita hakina maana."

Kwa mtazamo wa mwandishi huyu, hicho ndicho kiini cha mjadala mzima. Hukumu dhidi ya kidole tumbo ilitolewa mahali ambapo kilikuwa hakitumiki tena. Waliotoa hukumu hawakudanganya; waliandika walichokiona kwa wagonjwa wao. Kosa lilikuwa kuipeleka hukumu hiyo hadi Kigoma na Kisumu, kwa watu ambao utumbo wao bado unapita katika majaribu yaleyale yaliyokizaa kiungo hiki.

"Naelewa," Daktari anasema, "na sipendi itumiwe vibaya. Kesho kuna mtu ataumwa tumbo, atasema amesikia kidole tumbo kina faida, atabaki nyumbani na chupa ya maji ya moto."

"Mwambie basi afanye nini," Mama anamwambia.

"Maumivu yakianzia kitovuni kisha yakahamia chini kulia, hamu ya chakula ikaondoka, kichefuchefu na homa vikafuata, aje hospitali siku hiyohiyo. Asinywe dawa ya kuharisha. Maumivu yakikatika ghafla asishangilie, huenda kimetoboka. Wengine wameuliza kuhusu kutibu kwa antibiotiki bila kisu. Inawezekana kwa baadhi. Wafini waliwafuatilia wagonjwa wa namna hiyo miaka mitano. Kama wanne kati ya kumi walirudi kupasuliwa, wengine wakabaki na kidole tumbo chao. Wamarekani, mwaka 2020, waliona watatu kati ya kumi wakipasuliwa ndani ya siku tisini, na hali ilikuwa mbaya zaidi kwa waliokuwa na kijiwe ndani. Lakini wagonjwa hao walipimwa kwa picha kwanza. Mimi mashine ya CT sina. Nikiwa na shaka, nafungua."

"Na kikiwa kizima? Ukifungua tumbo kwa jambo jingine?"

"Zamani tulikikata tukipita, kuzuia balaa ya baadaye. Siku hizi nakiacha. Paul Mitrofanoff, mpasuaji Mfaransa, alionyesha mwaka 1980 kwamba kinaweza kugeuzwa njia ya kutolea mkojo kwa mtoto ambaye kibofu chake hakifanyi kazi. Mtoto aliyezaliwa na uti wa mgongo wazi anaweza kukihitaji. Kwa nini nikitupe?"

Mama anarudi kwenye swali lake. Amepungukiwa na nini?

"Ana tishu za kinga za namna hiyohiyo katika utumbo mwembamba, koo na kwingineko," Mtafiti anamwambia. "Bakteria wake watajijenga upya kutokana na chakula na watu anaoishi nao. Pengine watachukua muda zaidi baada ya kuhara kukali. Mpe maji safi, chumvichumvi ya kuongeza maji akiharisha, maharage na mboga, na usimnunulie antibiotiki dukani bila kupimwa. Hayo ungemfanyia hata kama hajakatwa."

Mwalimu anataka ushahidi uliobaki utafutwe hapa. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 uliendelea kwa miaka kadhaa. Kwa nini wagonjwa wa vituo vya matibabu wasiangaliwe nani ana kovu la upande wa kulia na nani hana, kisha wafuatiliwe nani alipona upesi na nani alirudi?

"Utadanganyika, Mzee wangu," Daktari anasema. "Aliyewahi kupasuliwa ni aliyekuwa karibu na hospitali na aliyeweza kumudu gharama. Huyo ana bomba nyumbani. Ukimlinganisha na asiye na kovu, unapima maji yake, hupimi kidole tumbo."

Mtafiti amekwisha kutoa daftari. "Basi tuwalinganishe ndugu wa nyumba moja, wanaochota maji kisima kimoja. Mmoja mwenye kovu, mmoja asiye nalo, na sampuli za choo kabla na baada. Rejista za chumba cha upasuaji ziko kwako, Daktari?"

"Ziko. Za miaka ya nyuma zimeandikwa kwa mkono."

"Nitakuja kuzisoma."